Kadi Isiyo na Hapana

Kadi ilikuwa na sentensi arobaini na mbili, na hakuna hata moja iliyosema hapana.

Baragumu aligundua jambo hilo akiwa amesimama kwenye mizani, mbele ya Mama Makopo, na kati ya watu wote waliouza vyuma chakavu kwenye yadi ile, hakukuwa na mtu mbaya zaidi wa kuligundulia mbele yake. Mama Makopo alikuwa ameleta gunia. Baragumu alilipiga teke dogo kwa ncha ya buti. Makopo matupu yakipigwa teke hulalamika. Gunia hili lilinyamaza.

"Pima basi," Mama Makopo alisema. "Jua linapanda."

Baragumu alitikisa kichwa.

"Unatikisa nini? Hapa kila mtu anatikisa kichwa. Hata mbuzi akiona majani makavu anatikisa kichwa, halafu anayala yote."

Baragumu alitoa kikompyuta mfukoni mwa shati. Kilikuwa kile cha mkononi, ambamo wakubwa wa maofisi waliweka miadi yao na namba za simu. Kilifunguka kama kasha la miwani, upande mmoja vitufe, upande wa pili kioo cha kijivu. Ubavuni kilikuwa na tundu la kuingizia kadi. Kwenye kadi ndimo yalimokaa maneno yake. Unabonyeza namba, sentensi inatokea.

Alibonyeza moja baada ya nyingine. Karibu sana. Mzigo wako ni mzuri. Tafadhali subiri kidogo.

Mama Makopo alisogea, akasoma kwa sauti, silabi moja moja. "A-sa-nte kwa u-vu-mi-li-vu wa-ko." Akainua macho. "Baragumu! Tangu lini? Si wewe uliyeniita mwizi mbele ya mume wangu?"

Akacheka mpaka akashika nguzo ya mizani.

Baragumu aliendelea kubonyeza. Nashukuru. Mungu akubariki. Samahani kwa usumbufu. Muulize mdogo wangu. Alifika ya mwisho, akarudi ya kwanza, akapitia tena zote, kama mtu anayetafuta ufunguo kwenye mfuko aliokwisha kuupekua. Neno halikuwemo. Alishika gunia kwa pembe mbili za chini akalipindua. Makopo yalianguka, na nyuma ya makopo ukamwagika mchanga, wa kutosha kujengea jiko.

Mama Makopo aliutazama mchanga kama mgeni asiyealikwa. "Na huu umetoka wapi?"

Mdomo wa Baragumu ulifunguka. Pumzi ikatokea mahali pengine, kwenye tundu chini ya koo, chini ya kitambaa cheupe alichofunga shingoni, ikapiga mluzi mwembamba. Alipiga ngumi bati la mizani mpaka mshale ukaruka.

Mwanamke aliokota makopo yake taratibu. Hakuwa anacheka tena. "Zamani ungenitukana," alisema. "Nami ningekutukana, tungefika bei, tungeachana vizuri. Sasa nifanye nini na mtu anayenishukuru?" Akajitwika gunia, akaenda kuuza yadi ya chini.

Jina la Baragumu lilitokana na sauti. Akiwa langoni aliweza kusimamisha lori lililokuwa bado njia panda. Na kwa biashara ile, sauti ilikuwa chombo cha kazi kuliko sumaku na kuliko mizani. Watu hudhani mnunuzi wa vyuma chakavu kazi yake ni kununua. Uongo. Kazi yake ni kukataa. Hapana ya kwanza ni salamu. Ya pili ni kumwambia muuzaji kwamba umeona chuma kilichofichwa katikati ya shaba. Ya tatu ndiyo bei. Asiyejua kusema ya tatu mahali pake anafilisika akiwa amekaa juu ya mali.

Kisha ukaja uvimbe. Madaktari walitoa uvimbe, wakatoa na kisanduku cha sauti, wakamwachia tundu la kupumulia. Walimwambia ashukuru, na kweli alikuwa hai. Akajaribu ubao na chaki. Lakini shule aliiacha darasa la nne ili aje kumsaidia baba yake hapohapo yadini, na herufi zake zilitembea kama kobe. Kabla hajamaliza neno moja, muuzaji ameshajibiwa na mdogo wake.

Mdogo wake alianza kwa huruma. Lisemwe hilo. Alisimama pembeni akimtafsiria: kaka anasema hivi, kaka anasema vile. Mwanzoni alikuwa akimtazama usoni kwanza. Baadaye akaacha kutazama.

Kikompyuta kililetwa na shemeji, mke wa mdogo, aliyekuwa karani kwenye ofisi ya bima. Bosi wake alinunua kipya, hiki akampa yeye. Kadi ilikuwa tupu kabisa, haijawahi kutumika, nyembamba na ndogo kama kitambulisho. Shemeji aliiandaa jioni kadhaa kwenye meza ya jikoni kwake, na Baragumu alikaa kando yake akivitazama vidole, maana ndivyo alivyotazama kila kitu chenye vipande: kimefungwaje, kinafunguliwaje. Aliingiza kadi. Mashine ikauliza swali kwa lugha ya ng'ambo, likaishia kwa alama ya kuuliza. Shemeji akabonyeza kitufe cha pembeni kabisa. Kioo kikajisafisha.

"Sasa inatusikiliza," alisema. "Haya, shemeji. Unataka useme nini?"

Baragumu alinyoosha mkono kuchukua kalamu.

"Mwandikie maneno ya heshima," mdogo alisema toka kwenye kochi, macho yake kwenye televisheni. "Daktari kasema asikasirike."

Kwa hiyo yakaandikwa ya heshima. Ilipofika arobaini na mbili shemeji alisukuma kidude kidogo kwenye ukingo wa kadi, upana wa ukucha. "Nimeifunga," alisema. "Usije ukafuta kwa bahati mbaya." Alifurahi. Baragumu naye alifurahi, na hilo ndilo lililomchoma zaidi baadaye. Alibonyeza *Asante sana shemeji*, wote wakapiga makofi, na watoto wakaja toka chumbani kuona.

Hayo ya Mama Makopo yalitokea Jumatatu. Jumanne alikuja mnunuzi.

Huyu hakununua vyuma. Alikuwa tajiri wa maghala, mtu mpole mwenye viatu visivyofaa mahali pale, na alitaka yadi nzima, toka lango hadi ukuta wa nyuma, chumba cha Baragumu kikiwa ndani yake. Hati ya baba ilikuwa na majina ya ndugu wawili. Alitaka saini mbili. Mdogo alimtembeza, akimwonyesha mipaka, na Baragumu akafuata nyuma kama mtu anayesindikiza jeneza asilojua ni la nani.

"Na wewe kaka mkubwa?" tajiri aliuliza. "Unasemaje?"

Baragumu alipeleka mkono kwenye kikompyuta. Kidole cha mdogo kilitangulia. Kilishuka toka kando, kikabonyeza namba, na kioo kikasema: *Nakubali. Asante.*

Tajiri alisoma, akatabasamu, akamshika Baragumu mkono kwa mikono yake yote miwili. "Basi Jumamosi," alisema.

Mdogo hakuwa mwizi. Nusu ya fedha ingekuwa ya kaka, na nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi alilopanga kufungua, alimtengea kaka chumba chenye dirisha. Yadi ilikuwa inazama tangu sauti ife, na vumbi lake lilikuwa linaingia moja kwa moja kwenye shingo ya mtu. Daktari alikwisha kuonya. Yote hayo ni kweli. Lakini kidole ni kidole, na kilikuwa kimeingia kinywani mwa mtu mwingine.

Jioni Baragumu alipita mlango mdogo uliokuwa kwenye ukuta kati ya yadi na nyumba ya mdogo wake. Alikuwa na kipande cha katoni. Alikiweka mezani juu ya daftari za watoto, katikati ya chai. HAPANA, kilisema. Akaweka kikompyuta kando yake, akagonga kimoja, kisha kingine.

"Anataka uliongeze," shemeji alisema.

"Naona." Mdogo aliwaambia watoto waende chumbani. "Kaka, la nini? Ukitikisa kichwa si tunaelewa?"

Baragumu alimtazama. Aliinua kidole kimoja, akakishusha hewani polepole, akabonyeza kitufe ambacho hakikuwepo.

Mdogo aligeuza uso. "Kadi imejaa," alisema.

Kijiko cha shemeji kilisimama ndani ya kikombe. "Haijajaa," alisema kwa sauti ndogo.

"Wewe nyamaza."

"Nimesema tu haijajaa."

"Nimekwambia nyamaza! Kila siku ninyi wawili, mashine, mashine. Nani anayesimama kwenye mizani siku nzima? Nani anayedanganywa na wauza makopo? Mimi sina sauti hiyo, kaka! Sikuzaliwa nayo! Nilijificha nyuma ya sauti yako miaka yote, sasa haipo, nimechoka. Tunauza."

Baragumu aligonga katoni. Mara moja, mara mbili, mpaka chai ikamwagika.

"Nitaliweka, shemeji," mwanamke alisema, akipangusa. "Nitaliweka Jumapili. Wiki hii nina kazi za ofisi nyingi."

Hakumtazama aliposema Jumapili. Alikuwa mtu mwema, na alikuwa na mume, na alichagua siku iliyo baada ya saini.

Ijumaa asubuhi Baragumu hakufungua lango. Watu waligonga, wakaita, wakatukana, wakaenda. Yeye alikaa juu ya injini iliyopasuka, bati bapa limelala mapajani kama meza, na juu yake kikompyuta. Hasira ilikuwa imekaa ndani yake siku tatu, na haikuwa na mlango. Mwenye sauti hupiga kelele ikaisha. Yake ilizunguka kifuani, ikarudi, ikazunguka tena. Sasa aliipa kazi.

Alichomoa kadi. Alisukuma kile kidude cha ukingoni kwa ncha ya msumari. Kadi ikawa wazi. Na hapo, upande wa pili, akaona kifuniko chembamba cha kuteleza ambacho hakuwahi kukitilia maanani. Alikisukuma. Ndani mlikuwa na betri bapa, ndogo kama kifungo cha shati.

Kwenye yadi ile kulikuwa na amri moja iliyotangulia nyingine zote, tangu enzi za baba: kitu chochote chenye betri, toa betri kwanza. Iwe redio, iwe tochi, iwe mwanasesere. Siku moja betri iliyosahauliwa ndani ya redio iliwasha rundo zima, wakazima moto kwa mchanga mpaka nyusi za baba zikaungua. Tangu hapo mikono ya Baragumu haikumuuliza tena. Ukucha ulichokoa, betri ikaruka kiganjani. Aliipangusa kwenye shati, akaipuliza kwa tundu la shingo, maana mdomo wake haukuwa na upepo, akaiweka kando. Akaigeuza kadi akitafuta skrubu. Hapakuwa na skrubu. Akarudisha betri, akafunga, akaingiza kadi kwenye mashine.

Mashine ikamuuliza swali la lugha ya ng'ambo, linaloishia kwa alama ya kuuliza. Lile la siku ya kwanza.

Hakuhitaji mtu wa kumweleza. Alibonyeza moja, hakuna. Alibonyeza saba, kumi na mbili, arobaini na mbili. Hakuna. Kile kifungo cha shati ndicho kilichokuwa kinayashika maneno, sekunde hadi sekunde, na yeye alikichokoa kama funza. Jioni zote zile za shemeji. Naomba maji. Kichwa kinaniuma. Mwiteni daktari. Habari za shule. Mambo ambayo mtu husema.

Baragumu alicheka. Bega lilitikisika, tundu likapiga mluzi, na mtu angemwona angedhani anakabwa. Kisha akaacha kucheka, akainua nyundo iliyokuwa karibu, akaishika juu ya kikompyuta kwa muda mrefu. Akaishusha pembeni.

Alibonyeza kitufe cha pembeni kabisa, kama shemeji alivyofanya. Kioo kikajisafisha.

Aliyakumbuka mengine kwa jicho. Kwanza inakuja namba. Kisha amri, ambayo ilikuwa imechapwa juu ya kitufe chenyewe, cha tatu toka kushoto. Kisha maneno yako. Kisha kitufe kirefu. Aliandika H, akatafuta A ilipo. Vidole vyake vilikuwa vinene, vimeota sugu, na kila kimoja kilibonyeza herufi mbili kwa mpigo. Alikwenda kuchukua msumari akawa anabonyezea kichwa cha msumari. Alipofika mwisho, akabonyeza kitufe kirefu, mashine ikalia mlio mfupi wa kukemea na kumwonyesha kosa.

Akaandika tena. Ikakemea tena.

Jua lilifika juu ya paa, likavuka. Mtu fulani alipiga lango kwa jiwe. "Baragumu! Umekufa au umelala?" Hakuinua kichwa. Alikuwa anavirudia vidole vya shemeji akilini, kimoja kimoja, na kuna mahali palipokuwa na pengo. Alifumba macho. Shemeji anaandika namba. Anabonyeza amri. Halafu, kabla ya neno, kidole cha kushoto kinashika kitufe kingine na cha kulia kinagusa juu: vijiti viwili vidogo, alama za usemi, vinaning'inia kiooni. Neno. Kisha vijiti viwili tena. Kichwa na mkia. Mashine haikujua neno linaanzia wapi wala linaishia wapi mpaka ulishike huku na huku.

Alilishika huku na huku. Kitufe kirefu. Mashine haikulia.

Alibonyeza moja.

HAPANA.

Herufi nyeusi, zimesimama wima. Alibonyeza tena. HAPANA. Tena. Alipiga goti kwa kiganja.

Ilikuwa mchana bado. Sasa alijua njia, na angeweza kuongeza la pili na la tatu kabla ya giza. Naomba. Samahani. Tuzungumze. Msumari ulikuwa mkononi. Alilifikiria jambo hilo, na akamfikiria mdogo wake na kidole chake, na hasira ikapanda mpaka masikioni. Alisukuma kidude cha ukingoni. Kadi ikafungwa.

Jumamosi walikaa sebuleni kwa mdogo. Tajiri alivua viatu mlangoni, jambo lililomfurahisha shemeji. Karatasi zilitandazwa mezani. Mdogo aliweka saini yake haraka, akasukuma kalamu kwa kaka.

"Kaka anasema yuko tayari," alisema.

Baragumu alifungua kikompyuta, akakishika juu, mbali na mikono ya watu. Akabonyeza.

Tajiri aliinama kusoma. "Hapana?" alisema.

"Amekosea namba," mdogo alisema, tayari amesimama. "Kaka, lete." Alikinyakua, akabonyeza ile ya Jumanne. Kioo hakikutoa kitu. Akabonyeza nyingine, na nyingine. "Umefanya nini? Yako wapi maneno? Mke wangu, njoo uone, ameyafuta yote!"

Shemeji alikuja toka jikoni na taulo mkononi. Alikitazama kioo kitupu.

Baragumu alirudisha mashine mikononi mwake.

"Labda hakuelewa swali," tajiri alisema. Akapandisha sauti, kama watu wanavyofanya kwa kiziwi. "MZEE! UNATAKA NIONGEZE KIDOGO?"

HAPANA.

"UNAHITAJI SIKU ZA KUFIKIRI?"

HAPANA.

"Kuna bei yoyote utakayoikubali?" aliuliza sasa kwa sauti ya kawaida, maana hakuwa mjinga.

HAPANA.

Tajiri alikusanya karatasi zake. Mlangoni alivaa viatu bila kuinama, akikanyaga visigino. "Mkipatana mniite," alisema. "Ila kuna kiwanja kingine nakwenda kukiona leo."

Gari lilipoondoka, mdogo alibaki amesimama. Alikuwa ameanza kulia kwa hasira, jambo ambalo Baragumu hakuwahi kuliona tangu utotoni.

"Sawa," alisema. "Kaa na vyuma vyako. Lori ni langu, nililinunua mimi. Mizani kubwa nayo yangu. Wabebaji watanifuata, maana mimi ndiye ninayewalipa. Mlango huu nauziba kesho kwa matofali, na usiku ukikabwa na vumbi usigonge ukuta." Alipangusa pua kwa mkono. "Sema kitu. Kaka. Sema kitu kingine."

Shemeji alikuwa amesimama palepale na taulo lake. Wote wawili walikitazama kikompyuta, si uso wake.

Kidole cha Baragumu kilikuwa juu ya kitufe. Ndani ya mashine ile mlikuwa na neno moja, na halikuwa la swali hili. Alifunga kasha. Likatoa mlio mdogo. Akapita mlango wa ukutani, na jioni ileile akasikia matofali yakishushwa upande wa pili.

Yadi ilibaki yake. Siku hizi anapimia mizani ya kuning'iniza, mafungu madogo, na wauzaji wanapanga foleni wakinung'unika. Mama Makopo amerudi. Humtukana kwa dakika tano nzima, naye humwonyesha kioo, tena na tena, mpaka bei inafika.

Hapana ile ilimgharimu lori, mizani kubwa na wabebaji wawili. Ilimgharimu chakula cha moto cha jioni, na mtu wa kumsikia akikohoa usiku. Ilimgharimu shemeji aliyekaa naye mezani kumtafutia maneno. Ilimgharimu watoto watatu wanaomwita Baba Mkubwa, ambao sasa wanapita upande wa pili wa barabara wakiwa wameshikana mikono. Na mdogo mmoja. Hakuwa na mwingine.